Kwenda Maskati bila kutoka Kibokoni: mwongozo kamili wa safari ya sebuleni

Mamangu ana miaka 72 na hamu moja ya tangu utotoni: kuiona Maskati, mji mkuu wa Omani. Babu yake alikuwa akipakia boriti za Lamu kwenye majahazi, na mama hakuacha kuuliza zile boriti zilikwenda kushika dari ya nani. Sasa magoti hayamruhusu, na mfuko wangu hauwezi tiketi mbili, hoteli na viza. Basi tukaenda tukiwa sebuleni, hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, jioni tatu na asubuhi moja. Hapa naeleza tulivyofanya, makosa yakiwemo. Ikiwa wewe unatamani Istanbul au Samarkand, badilisha majina tu. Njia ni hiyohiyo.

Hatua ya 1: Anza na swali, si na video

Ukiandika jina la nchi kwenye simu, utaletewa video ya dakika kumi inayokuzungusha sehemu kumi na tano. Utatazama tatu za namna hiyo, usingizi utakuchukua, na kesho yake hukumbuki kitu ila muziki. Nimefanya hivyo na Istanbul mara nyingi, na mpaka leo sijui msikiti upi uko upande upi wa bahari.

Ukiwa na swali, unatafuta mwenyewe. Lichukue kwenye maisha yako: seremala aulize milango, mshonaji aulize kwa nini kofia ya Waomani, wanayoiita kumma, imefanana mno na kofia ya kwetu. Letu lilikuwa boriti. Boriti ni mti wa mkoko, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba katika nyumba za kale za pwani. Chumba huwa kirefu lakini chembamba, kwa kuwa mti haufiki mbali. Nilipima chumba cha mama kwa tepu ya fundi: mita 2.6. Miti hiyo ilisafirishwa kwenda Arabuni kwa karne nyingi, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982.

Andika swali lako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Daftari la karatasi, tafadhali. La kwenye simu utalifunga ujumbe wa kwanza ukiingia.

Hatua ya 2: Punguza eneo

Omani ni kubwa kuliko nusu ya Kenya. Kutoka Maskati hadi Salalah, kusini, ni kama kilomita 1,000. Huwezi kuimaliza kwa jioni tatu, na ukijaribu utarudi na picha za ngamia tu. Sisi tulichukua Maskati ya kale na Mutrah, mji jirani wenye soko na bandari, basi. Nizwa, milima ya Jebel Akhdar na kasa wa Ras al-Jinz tukaviacha. Tuliongeza kitu kimoja nje ya mpaka, msikiti mkuu, kwa sababu mama alisema bila huo haendi.

Hatua ya 3: Fuata saa ya kule

Watu wengi huiruka hatua hii, na mimi naona ndiyo inayotenganisha safari na kutazama runinga. Maskati imetangulia saa moja mbele yetu. Hapa ikiwa saa kumi na moja jioni, kule ni saa kumi na mbili, na soko la Mutrah, ambalo hufunga mchana kwa sababu ya joto na kufunguliwa tena alasiri, limeanza kuchangamka. Basi sokoni "nenda" saa hiyo, si saa nne asubuhi ukiwa unakunja nguo.

Wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi. Ijumaa asubuhi mji umetulia mpaka watoke kuswali.

Msimu nao una maana. Juni joto hupita nyuzi 40 na mtu wa Mombasa aliyezoea upepo wa bahari atashangaa. Desemba hadi Februari ni kuzuri, na ndio msimu wa kaskazi, pepo zilizokuwa zikiyaleta majahazi kwetu na tende, chumvi na papa mkavu. Kusi likianza, kuanzia Aprili, wakapakia boriti wakarudi. Sisi tulichagua Januari ili mama asikie upepo uleule dirishani.

Hatua ya 4: Tayarisha simu na bando

Hapa nilipoteza pesa. Usiku wa kwanza nilifungua video ya matembezi ya Mutrah, ubora wa juu kabisa, nikaitupa kwenye runinga kupitia simu. Bando nililonunua kwa wiki nzima liliisha kabla hatujafika mwisho wa soko, na mama alidhani umeme umekatika.

Video ya 4K, ule ubora wa juu kabisa, huweza kula gigabaiti 7 au zaidi kwa saa. Ya 480p hula karibu moja, mara nyingi chini ya hapo. Kwenye simu hutaona tofauti kubwa, kwa hiyo iteremshe mwenyewe kwenye mipangilio ya video, kwa maana ukiiacha hujichagulia ya juu. Ramani ya mji ipakue mapema ukiwa kwenye Wi-Fi ya kazini au ya jamaa. Kama runinga yako si ya kisasa, waya wa HDMI na kompyuta ya mkononi vinatosha. Miwani ya kujifunika machoni sikuitumia: mama huona kizunguzungu, na ukiivaa mko wawili lakini kila mtu yuko peke yake.

Hatua ya 5: Ruka, lakini polepole

Fungua Google Earth, ambayo ni ya bure. Usiandike "Muscat" ukaruka moja kwa moja. Anzia kwenu. Sisi tulianzia juu ya Fort Jesus, ile ngome inayoonekana kutoka juu kama mtu aliyelala chali, kisha tukafuata ufuo kwa kidole kuelekea kaskazini: Malindi, Lamu, Kismayu, Mogadishu, mpaka Ras Hafun, ncha ya mashariki kabisa ya bara la Afrika. Hapo tukaiacha pwani, tukapita karibu na Socotra, tukatokea Ras al-Hadd, kona ambapo Arabuni inakunja kuelekea kaskazini magharibi. Halafu Sur, halafu Maskati. Kwa kifaa cha kupimia, mstari ulionyooka ni karibu kilomita 3,700. Jahazi halikwendi mstari ulionyooka.

Ukifika, inamisha picha kwa vidole viwili ili milima isimame. Utaona jambo ambalo hakuna video itakayokueleza haraka hivyo: milima imeshuka mpaka majini, kavu, rangi ya mkate ulioungua, na mji umejibana kwenye vighuba. Ndiyo maana bahari ilikuwa barabara yao kuu. Kwenye ghuba ndogo ya Maskati ya kale, tafuta ngome mbili zinazotazamana: Mirani magharibi, Jalali mashariki, na kati yake Kasri la Al Alam.

Hapo tukakaa zaidi ya saa, kwa sababu hadithi ya ngome hizo ni yetu. Wareno waliiteka Maskati mwaka 1507, na hizo ngome mbili wakaziimarisha miaka ya 1580. Miaka michache baadaye, 1593, wakaanza kuijenga Fort Jesus. Mwaka 1650 Imamu wa Omani, Sultan bin Saif, akawatoa Maskati. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Fort Jesus kuanzia 1696 na kuingia Desemba 1698. Baba aliwatoa kule, mtoto akawatoa huku. Mama aliposikia hivyo akasema, "Kumbe tulikuwa nyumba moja, milango miwili."

Kama unakaa karibu, kesho yake nenda Fort Jesus uitazame nyumba ya Kiomani iliyomo ndani. Najua tumesema safari ya nyumbani, lakini kutoka Kibokoni hadi pale ni dakika chache.

Hatua ya 6: Shuka utembee

Kwenye Google Maps buruta yule mtu mdogo wa manjano juu ya ramani. Vitokezapo viduara vya buluu, hizo ni picha za mzunguko zilizopigwa na watu. Gusa kimoja, geuka nyuma, tazama juu. Fanya hivyo viduara vitano au sita tu kwa mfuatano, kama mtu anayetembea kweli.

Njia yetu ilikuwa ya ufukweni, kutoka Mutrah kuelekea Maskati ya kale, kama kilomita tatu. Kushoto bahari na mashua, kulia nyumba nyeupe zenye roshani, juu yake minara midogo ya ulinzi kwenye miamba. Pale Riyam kuna chetezo kikubwa mno kilichosimamishwa juu ya kilima kama mnara. Mama alicheka. "Hicho cha kufukizia mji mzima."

Baada ya hapo ndipo utazame video moja ya matembezi, isiyo na msimulizi, ya mtu aliyebeba kamera na kwenda. Izime sauti ya pembeni yako pia: usieleze eleza. Mwachie mwenzako aone. Mimi nilikuwa nimekazana na dari, mama akaona viatu vilivyopangwa mlangoni mwa msikiti na akasema wote wanavaa makubadhi.

Kwa picha zilizotulia, Wikimedia Commons ina maelfu, bila kujisajili na bila matangazo. Kama unapenda nyaraka za zamani, Qatar Digital Library imeweka bure mtandaoni barua, ripoti na ramani za Waingereza kuhusu Ghuba, Maskati ikiwemo. Ni chimbo. Usiliingie usiku wa kazi.

Hatua ya 7: Pima kwa mwili wako

Skrini hudanganya ukubwa. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, kwenye simu unaonekana kama msikiti wowote mzuri. Zulia la ukumbi wa wanaume lina mita 70 kwa 60 hivi, lilifumwa na wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne, na lina uzito wa tani 21. Ukisoma hivyo, huoni kitu.

Basi tulichukua tepu. Sebule yetu ni mita 4 kwa 5. Tukahesabu: zulia moja ni zaidi ya sebule 200 kama hii. Mama alinyamaza, kisha akauliza nani hulifagia. Kwa taa kubwa ya katikati, yenye urefu wa mita 14, nilimtoa barazani nikamwonyesha jengo la jirani la ghorofa nne. "Hiyo ni taa," nikamwambia. "Hiyo ni taa?"

Fanya hivi kwa chochote utakachokiona: mnara, mto, mlango. Tafuta kitu cha mtaani kwenu chenye kipimo hicho.

Akagundua pia, bila mimi kumwonyesha, kwamba baadhi ya waumini wanaswali mikono imenyooka pembeni. Nikamweleza kuwa hao ni Maibadhi, madhehebu ya Waomani wengi, na ndiyo waliyokuja nayo Mazrui, ukoo wa Kiomani, walipotawala hapa Mombasa.

Hatua ya 8: Pua na mdomo

Jicho ni robo ya safari. Iliyobaki utaipata soko la Marikiti kwa bei ya nauli ya tuktuk na vijisenti juu yake.

Nunua ubani, iliki, tende, kahawa, na halua kwa muuzaji wako wa kila siku. Halua usijipikie. Ya Omani, kama ya kwetu, ni wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, na hukorogwa kwenye sufuria ya shaba kwa saa mbili na zaidi bila mkono kupumzika. Mkono wako hauko tayari.

Ubani ndio wa kuangalia sana. Ule bora hutoka Dhofar, kusini mwa Omani, kwenye mti mfupi uitwao *Boswellia sacra*. Gome hukwanguliwa kwa kisu, utomvu mweupe kama maziwa hutoka, huachwa ukauke siku kadhaa, kisha hubanduliwa kama machozi magumu. Nilinunua wa kwanza kwa muuzaji mmoja aliyeniapia ni wa Omani, tena kwa bei ya kuniumiza. Nilipouweka kwenye kaa ulichemka, ukatoa moshi mweusi wenye harufu ya lami, na mama akaanza kukohoa. Ulikuwa ulimbo uliochanganywa. Wa kweli huyeyuka taratibu, moshi wake ni mweupe, na harufu yake ina uchachu wa ndimu. Kabla ya kununua, omba kipande kimoja kichomwe mbele yako.

Kuufukiza: washa kaa moja dogo mpaka liwe na jivu juu, si lenye kuwaka. Liweke kwenye chetezo juu ya majivu. Subiri dakika mbili. Kisha punje tatu tu za ubani, kando ya kaa, si katikati. Katikati unaungua, kando unafuka. Funga dirisha moja, acha la pili.

Kahawa: ya Kiomani hukaangwa kidogo, rangi yake ni ya hudhurungi nyepesi kuliko kahawa chungu yetu. Chemsha lita moja ya maji, tia vijiko vitatu vya kulia vya kahawa iliyosagwa nene, acha ichemke polepole dakika kumi. Tia kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa, na matone ya marashi ya mawaridi ya kulia kama unayo. Ikae itulie, kisha mimina kwenye vijikombe visivyo na mkono, nusu tu. Sukari hakuna. Utamu ni wa tende, na tende hutangulia. Mwenyeji ataendelea kukumiminia mpaka utikise kikombe kulia na kushoto. Mama hakulijua hilo na alikunywa vikombe vitano kabla sijakumbuka kumwambia. Hakulala.

Mkitaka chakula, chomeni mishkaki. Wenyewe huiita mishkak, na huiuza kandokando ya barabara jioni kama sisi.

Hatua ya 9: Sikiliza, kisha umpigie mtu

Programu ya Radio Garden hukuonyesha dunia yenye nukta za kijani. Izungushe mpaka Maskati, gusa nukta, utasikia wanachosikia madereva wao dakika hiyo. Iache ipige kwa chini mkila. Na kama wapenda bandari, MarineTraffic itakuonyesha meli iliyo Kilindini leo inaelekea wapi.

La maana zaidi ni mtu. Wengi wetu hapa tuna jamaa Omani, au jirani mwenye jamaa. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, Waomani wengi wa Zanzibar na pwani walirudi, na Kiswahili wakarudi nacho. Ukizungumza naye usimwombe akuonyeshe vivutio. Mwombe jambo la kawaida: "Shangazi, hebu nionyeshe jikoni kwako," au "Ukienda dukani kesho nipigie." Shangazi wa jirani yetu alituonyesha friji, dirisha na risiti ya duka. Kwenye risiti tukajifunza kuwa rial moja ina baisa 1,000, na ni kama dola 2.6. Mama alipogeuza kuwa shilingi, alisema bora tulivyokuja kwa njia hii. Akiwa sokoni usimwambie awapige watu picha, hasa wanawake. Kule kama huku, hilo si adabu.

Hatua ya 10: Rudi kwenye swali

Jioni ya mwisho usitazame kitu kipya. Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari.

Sisi tulikuwa na kurasa sita za maelezo na hakuna boriti hata moja. Ngome tulizoziona ndani zilikuwa na dari za magogo ya mtende. Nikakumbuka kumwuliza shangazi yule, naye akaniambia huko Ghuba mti wa mkoko waliuita chandal. Nikaandika neno hilo kwa Kiarabu pamoja na la dari. Majibu ya kwanza yalikuwa ya mawe na viwanja vya mpira, maana neno ni moja na lina maana nyingi. Usikate tamaa kwenye ukurasa wa kwanza wa majibu. Wa tatu ukaleta picha: chumba cha nyumba ya kale huko Sur, nje kabisa ya mpaka niliouchora, kuta za chokaa, na juu yake miti myembamba iliyopangwa kwa mstari, mmoja baada ya mwingine, mikia na vichwa vikipishana.

Mama alivaa miwani. Akahesabu kwa kidole, akigusa kioo, akapoteza hesabu, akaanza tena. Kumi na tisa. Kisha akatazama kitanda kilichokuwa kwenye picha, kimewekwa kukingama, kimebakisha nafasi ya mtu mmoja kusimama.

"Chumba chembamba," akasema. Akatazama juu, dari yetu. "Mara ya pili tuanzie hapo Sur. Na hiyo tepu usiirudishe kwa fundi."